Chati za bure za kurushia ndege kwenye simyuleta, tukianzia hapa hapa Unguja

Assalaam alaykum. Vijana wengi wa hapa mjini saivi wana simyuleta, yaani programu ya kuigiza kurusha ndege, kwenye kompyuta, mmoja ana FlightGear mana ni ya bure na haichoshi mashine, mwengine Microsoft Flight Simulator, mwengine X-Plane, na wote wananiuliza swali moja, chati, yaani zile ramani za kurushia na kutulia ndege, napata wapi. Nalijibu kwa kirefu kwa sababu anaerusha bila chati anaangalia picha ya bahari tu, hajui aanze kushuka wapi wala uwanja utamtokea upande gani, na mie naona raha yote ya mchezo huu imo humo kwenye kujua.

Kwanza kabisa usitafute kwa jina la uwanja, tafuta kwa zile herufi nne ambazo ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, imeupa kila uwanja. Mdogo wangu aliandika "Pemba" tu akapata chati nzuri safi, akakaa nayo jioni nzima, ranwei hailingani, masafa ya redio hayalingani, kumbe ile Pemba ya Msumbiji. Pemba yetu ni HTPE, ya Msumbiji ni FQPB. Herufi mbili za mwanzo zinakwambia ni wapi: HT Tanzania, HK Kenya, HU Uganda, FQ Msumbiji, FM ni upande wa Komoro na Madagaska. Uwanja wetu wa Abeid Amani Karume ni HTZA, Dar HTDA, Mombasa HKMO, Moroni FMCH. Ziandike kwenye daftari.

Haya, chati zenyewe. Kila nchi ina kitabu chake rasmi cha habari za anga kinachoitwa AIP, na kwetu mwenye kukitoa ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, na Unguja na Pemba zimo humo humo. Kwa hiyo ukitafuta andika "AIP" na jina la nchi, halafu ingia kwenye saiti ya mamlaka yenyewe, usiishie kwenye saiti za watu waliokopi. Kitabu kina sehemu tatu, GEN ni maelezo ya jumla, ENR ni njia za angani, AD ni viwanja. Kwa uwanja unaotaka kutua nenda AD 2 kisha tafuta herufi za uwanja wako. Na hapa pana kitu wengi wanakipita mbio, wanataka michoro tu, wakati maandishi yana faida kubwa: namba AD 2.12 ni ranwei, urefu na uelekeo wake, AD 2.18 ni masafa ya kuzungumza na mnara, AD 2.19 ni vifaa vya redio vya kuongozea ndege kama VOR, inayokuonesha njia, na ILS, inayokushusha mpaka kwenye ranwei, na michoro inaorodheshwa AD 2.24. Mpangilio huu ni huo huo dunia nzima, ukiuzoea kwa HTZA umeuzoea kwa London. Bando likiwa dogo na michoro haifunguki, kurasa hizo tatu za maandishi zinatosha kukufikisha.

Nchi nyengine zina urahisi wake. Marekani, FAA, yaani mamlaka yao ya anga, wanatoa chati zao zote bure, ndo mana wanaoanza wengi wanajifunzia huko. Uingereza na Ufaransa AIP zao ziko wazi. Ukitaka kwenda Ngazija au Antananarivo tafuta AIP ya ASECNA, ni shirika moja la nchi nyingi za Afrika na Komoro na Madagaska zimo, ila jiandae na Kifaransa kingi. Ulaya kuna EAD Basic, saiti ya Eurocontrol, shirika la anga la huko, unajisajili bure.

Kwa ramani ya njia nzima fungua saiti ya SkyVector, bure, andika HTZA na HTPE itakuchorea mstari. Usitegemee ikupe chati ya kutulia ya huku kwetu, kwa hilo rudi kwenye AIP. Little Navmap, programu ya ramani, nayo naipenda sana, inasoma data ya simyuleta yako mwenyewe, kwa hiyo inachokuonesha ndicho ndege inachokiona. Wanaoruka VATSIM, mtandao wa kurusha simyuleta pamoja na wenzako huku mtu wa kweli akiwaongoza, wana saiti ya chati ya ChartFox, unaingia kwa akaunti hiyo hiyo. Navigraph ni ya kulipia, ina chati za kampuni ya Jeppesen za dunia nzima, mwenye uwezo alipe. Yale mafaili ya wizi yanayorushwa kwenye magrupu ya WhatsApp yaacheni jamani, hujui ni ya mwaka gani wala ndani yamebeba virusi gani.

Sasa tarehe. Data za anga zinabadilishwa kila siku 28, mzunguko huo unaitwa AIRAC, na una namba, kwa mfano 2501 ulianza tarehe 23 Januari 2025. Ukifungua chati yoyote, kabla ya kuangalia mistari angalia pembeni, juu au chini, pana jina la uwanja, aina ya chati, ranwei inayohusika na tarehe. Lakini msiseme kila chati ya zamani haifai. Kama unatumia FSX, ile ya 2006, data yake ni ya zamani, ukiipa chati mpya masafa ya ILS yanaweza kupishana na ndege isikamate kitu. Simyuleta kongwe inataka chati kongwe. Ukiwa VATSIM ndo lazima iwe mpya, mana mwongozaji na wenzako wote wanasoma mpya.

Jaribu na safari ya nyumbani. HTZA mpaka HTPE ni kama maili 68 za baharini kwenda kaskazini mashariki, Cessna 172, ndege ndogo, ikienda noti 100, yaani maili 100 za baharini kwa saa, ni dakika 40 hivi. Kwa kuwa unaelekea mashariki, ukiruka kwa macho chagua futi 3,500 au 5,500, yaani elfu isiyogawika kwa mbili ukaongeza mia tano. Na kabla hujaondoka fungua AD 2.12 za viwanja vyote viwili uziweke pamoja, ranwei ya Unguja inapita mita 3,000, ya Pemba ni kama nusu yake, kwa hiyo mwendo uliozoea kutulia Kisauni, yaani uwanja wa Unguja, ukienda nao Chake kule Pemba utaimaliza lami. Punguza mapema, ukiwa bado juu ya bahari.

Mafaili yahifadhi kwenye folda moja, kila faili lipe jina la herufi nne na tarehe, HTPE kisha mwezi na mwaka, umeme ukikatika au bando likiisha chati iko mkononi. Kioo kikiwa kidogo peleka kwenye steshenari wakuprintie A4, mie yangu ya HTZA nimeibandika ukutani juu ya kompyuta. Na hizi ni za simyuleta tu, rubani wa ndege ya kweli ana chati zake na taratibu zake.