Namna ya Kukubaliana na Wacha Mungu wa Tanga Kuhusu Nishati Safi

Ukienda kuzungumza nishati safi na kamati ya msikiti huko Ngamiani, au na wanaparokia wanaopanda mikoko, usianze na paneli za jua wala bei yake. Watu hawa wanayatunza mazingira kwa kuamini kwamba ardhi ni amana, na anayefika na jibu tayari mkononi huonekana mchuuzi tu. Waulize kwanza kinachowakera. Mkaa ukitajwa, mna pa kuanzia.

Aya waachie wenyewe. Maalim anaijua mizani ya uumbaji inayotajwa katika Sura Ar-Rahman, padri anajua kwamba katika Mwanzo 2:15 mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, na wote wawili hung'amua upesi Maandiko yanapogeuzwa chambo. Wewe yakutosha kufahamu kwamba mwaka 2015 ulitoka waraka wa Papa Fransisko, Laudato Si', na huko Istanbul likatolewa Tamko la Kiislamu kuhusu tabianchi, na kwamba yote mawili yanahimiza kuachana na nishati ya kisukuku, yaani makaa ya mawe, mafuta na gesi ya ardhini. Waraka huohuo, hata hivyo, unaonya dhidi ya kuitegemea teknolojia kwa kila tatizo, kwa hiyo usichukie ukihojiwa.

Kisha pikeni pamoja. Chukua jiko la umeme la presha, mkabidhi mmoja wa akina mama kazi ya kusoma mita ya LUKU, tieni nusu kilo ya maharage, na yakiiva asome tena mbele ya wote: kwa kawaida umeme uliotumika haufiki uniti moja. Atakayetilia shaka ladha baada ya tui kutiwa aonjeshwe, maana hoja hiyo haijibiwi kwa maneno.

Gesi ya mitungi italeta ubishi, nao ni wa haki: serikali inaihesabu kuwa nishati safi ya kupikia, ilhali nayo ni ya kisukuku. Likiri hilo waziwazi, kisha ulizeni kama inafaa kuwa hatua ya muda kwa nyumba isiyo na umeme.

Paneli za kusukuma maji ya udhu zinaweza kuwekwa wakfu, zikawa sadaka jariya, yaani yenye thawabu isiyokatika, kwa aliyezitoa. Ikiwa mfumo una betri, kabla fundi hajapanda paani andikeni nani atakayelipia betri mpya, na ile iliyokufa itapelekwa kwa nani ili isiishie mikokoni.