Namna ya Kupima Uamuzi wa Mbio za Farasi Ukiwa Arusha

Unapotazama mbio za farasi za Ngong, Nairobi, au za Uingereza ukiwa Arusha, usimlaumu mwamuzi kabla hujaona picha ya mbele, kwa kuwa ya pembeni huficha farasi anayetoka kwenye njia yake. Tazama mikono ya joki (mpanda farasi) wa nyuma: akivuta hatamu ghafla, huenda amezibiwa njia. Katika Kentucky Derby ya 2019, mbio maarufu za Marekani, farasi Maximum Security alitangulia kumaliza, lakini kwa kuwazuia wenzake kwenye kona ya mwisho alishushwa hadi nafasi ya 17, na ushindi akapewa farasi Country House. Kwangu ulikuwa uamuzi wa haki, ingawa kuwasubirisha mashabiki takriban dakika 22 kuliumiza. Zingatia pia msimu, kwani nyasi zilizolowa huwachosha farasi, nao huyumba pasipo joki kukusudia.