Somo: Kurekodi TV na kuweka maktaba ya familia nyumbani kwa king'amuzi, diski na laptopu ya zamani

Nyumbani kwangu hapa Dodoma, Nkuhungu, tunaishi watu saba, na anayeshika rimoti kwa muda mrefu kuliko wote ni mama yangu mzazi. Maandishi madogo hayaoni vizuri, na Kiingereza cha kwenye menyu hakijui. Kwa hiyo vyombo vyote nilivyofunga nilivipima kwake. Chombo ambacho mama alishindwa kukiwasha mwenyewe nikiwa kazini nilikitoa, hata kama kilikuwa cha kisasa zaidi. Nawaomba na ninyi mpime hivyo, maana mfumo unaoendeshwa na baba mwenye nyumba peke yake siku akisafiri unabaki pambo.

Tunatafuta mambo mawili tu. La kwanza ni kurekodi vipindi ili kila mtu aangalie kwa muda wake. La pili ni kuweka picha, video na sauti za familia mahali pamoja ambapo TV ya sebuleni inafika.

Hatua ya kwanza: usinunue kitu, chunguza ulichonacho

Dodoma ilizimiwa mitambo ya analojia mwanzoni mwa 2013, kwa hiyo karibu kila nyumba yenye TV ina king'amuzi, au TV yenye king'amuzi cha ndani. Geuza king'amuzi chako utafute tundu la USB. Kisha fungua menyu utafute neno PVR (sehemu ya kurekodi), au angalia kama rimoti ina kitufe cha REC chenye alama nyekundu. Ukikuta tundu na kimojawapo cha hivyo, umeshapata mashine ya kurekodia. Vingi vya antena vinavyopokea chaneli za bure, vile vilivyoandikwa DVB-T2, vina uwezo huo na wenyewe hawajui.

TV yenyewe nayo inaweza kuwa na sehemu ya kurekodi. Siipendekezi. TV nyingi hufunga rekodi zake, zikafunguka kwenye TV hiyo hiyo tu. Ikiungua, rekodi zako zote zimekwenda nayo. King'amuzi cha chaneli za bure mara nyingi huandika faili la kawaida la .ts ambalo programu ya VLC inalifungua kwenye kompyuta yoyote.

Kuhusu antena sina mengi. Ielekeze walikoelekeza majirani, halafu kwenye menyu angalia mistari miwili, wa nguvu na wa ubora. Wa ubora ndio wa kuufuata. Picha inayoganda sekunde mbili unaivumilia ukiwa unaangalia moja kwa moja, lakini kwenye rekodi inaudhi kila mara unapoirudia.

Hatua ya pili: diski

Saa moja ya chaneli ya kawaida hula takriban GB 1 hadi 1.5. Ya HD inaweza kufika GB 3 na zaidi. Kwa hiyo flashi ya GB 32 inabeba saa 20 hivi za kawaida, na diski ya nje ya GB 500 inapita saa 300. Kwa kuanzia flashi inatosha, ila zile za bei ya chini sana huandika polepole na rekodi inakatikakatika.

Ukichomeka diski ukasikia inagonga tik, tik, tik na haisomeki, usiitupe. Tundu la USB la king'amuzi hutoa umeme mdogo, na diski inapoanza kuzunguka inahitaji zaidi. Tafuta habu ya USB yenye adapta yake, uipitishe diski humo.

Kuna suala la kufomati pia. Kufomati ni kuipanga diski upya ipokee faili, na mipango iko zaidi ya mmoja. Diski iliyofomatiwa kwa mpango wa FAT32 haikubali faili moja lizidi GB 4, kwa hiyo filamu ndefu itakatwa vipande au itaishia njiani. Kama king'amuzi chako kinakubali mpango mwingine uitwao NTFS, tumia huo. Na tuelewane vizuri: kufomati kunafuta kila kilichomo.

Hapa nitasimama kidogo. Marehemu baba yangu nilimrekodi kwa simu, saa moja na dakika ishirini, akisimulia kwa Cigogo habari za Mtunya, ile njaa iliyoikumba Ugogo kati ya 1917 na 1920, kama alivyosimuliwa na mama yake. Nikaiweka kwenye diski ile ile ya kurekodia TV kwa sababu ilikuwa na nafasi. Jioni moja umeme ukakatika king'amuzi kikiwa katikati ya kuandika. Uliporudi, kwenye kioo kukatokea swali la Kiingereza kuuliza kama diski ifomatiwe. Mwanangu wa darasa la tatu alitaka katuni zake, akabonyeza OK. Dada yangu aliyeko Mpwapwa alikuwa amerushiwa vipande vya mwanzo kwenye simu yake, ndivyo tulivyo navyo leo. Sehemu ambayo baba alitaja majina ya waliohama kwenda kuhemea chakula haikurudi.

Kwa hiyo diski ya kurekodia TV isiwe diski ya kumbukumbu za familia. Ziwe mbili. Na kumbukumbu za familia ziwe na nakala ya pili katika nyumba nyingine, siyo kabati lingine la nyumba hiyo hiyo.

Hatua ya tatu: saa

Wengi wanakwama hapa, kisha wanasema king'amuzi ni kibovu. King'amuzi hakijui saa za Kiswahili. Taarifa ya habari ya saa 2 usiku kwake ni 20:00. Ukiandika 02:00 kitaamka saa 8 usiku wa manane, kikurekodie chochote kinachopita muda huo. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, ongeza 6: saa 4 asubuhi ni 10:00, saa 10 jioni ni 16:00. Kuanzia saa 1 jioni hadi saa 5 usiku, ongeza 18. Saa 6 usiku ni 00:00, na kuanzia saa 7 usiku hadi saa 12 asubuhi unatoa 6, kwa hiyo saa 11 alfajiri ni 05:00.

Sisi tumekata kipande cha boksi, mwanangu akaandika kwa makapeni "HABARI 20:00, KATUNI 16:30", tukakibandika pembeni ya TV kwa solotepu. Mama hafanyi hesabu yoyote, anafananisha tarakimu za kwenye boksi na za kwenye kioo. Hakikisha pia menyu ya muda inasomeka GMT+3. Ikibaki 0, kila kitu kitachelewa saa tatu. Halafu anza kurekodi dakika tano kabla na umalizie robo saa baadaye, vipindi vyetu havikai sana kwenye ratiba.

Tumelelewa kuzima swichi ya ukutani kabla ya kulala. Kwa king'amuzi kinachosubiri kurekodi usifanye hivyo. Kizime kwa rimoti, taa nyekundu ibaki inawaka.

Jambo jingine la kuzuia ugomvi: king'amuzi cha kawaida kikiwa kinarekodi chaneli moja, kinakuruhusu kuangalia zile tu zilizo kwenye masafa hayo hayo. Nyingine zinagoma. Kama TV yako ina king'amuzi cha ndani, chukua waya wa antena kutoka tundu la king'amuzi lililoandikwa LOOP OUT, uchomeke kwenye tundu la antena la TV. Hapo king'amuzi kinarekodi tamthilia ya mama, na nyie mnaangalia mnachotaka kupitia TV yenyewe.

Hatua ya nne: maktaba ya familia

Laptopu iliyovunjika kioo au kibodi, ile imelala juu ya kabati, ndiyo inayofaa. Ikiwa betri yake bado inashika chaji hata nusu saa, ni bora zaidi, kwa sababu umeme ukikatika haizimiki ghafla. Pakua Jellyfin, ni programu ya bure inayoiwezesha TV kufungua video, picha na sauti zilizo kwenye laptopu. Tengeneza folda tatu: Familia, Katuni, Filamu. Ielekeze Jellyfin kwenye folda hizo. Kwenye mipangilio ya umeme ya laptopu weka isilale, na ukifunga mfuniko isifanye lolote.

Laptopu na TV zote ziingie kwenye waifai moja. Kwenye TV weka programu ya Jellyfin, au fungua kivinjari uandike anwani ya laptopu na 8096 mwishoni, kwa mfano 192.168.1.10:8096. Kwenye ruta, ifungie laptopu anwani hiyo isibadilike, la sivyo kila baada ya siku kadhaa mama atakuta "haipo".

Tengeneza akaunti ya mama, ya watoto na yako. Ya watoto iruhusu folda za Katuni na Familia tu. Inachukua dakika mbili, na mtoto haoni kabisa kwamba kuna folda nyingine.

Na vumbi letu mnalijua, hasa upepo wa Agosti na Septemba. Vile vitambaa vizuri vya kufuma tunavyofunika juu ya king'amuzi, toeni. Vinaziba matundu ya hewa, king'amuzi kinachemka, rekodi zinaanza kukwama bila sababu kuonekana. Mke wangu alikubali kitambaa kihamie kwenye meza. Laptopu isikae sakafuni, na kila baada ya miezi miwili isafishwe feni kwa brashi laini ikiwa imezimwa.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Ipagala: Kuangalia kutoka kwenye laptopu kwa waifai si kutamaliza bando langu?*

Hapana dada yangu. Video inatoka kwenye laptopu inapita kwenye ruta inaingia kwenye TV, haitoki nje ya nyumba. Bando utalihitaji siku ya kupakua programu, na Jellyfin inapotafuta picha za jalada za filamu. Hata kama huna ruta, washa hotspoti ya simu, unganisha laptopu na TV humo, kisha zima data ya simu. Kwenye simu nyingi za Android inafanya kazi vizuri.

*Kijana wa Manyoni: Nimerekodi mechi kwenye king'amuzi cha kulipia, lakini faili halifunguki kwenye kompyuta. Kuna programu ya kulifungua?*

Chaneli za kulipia hufungwa makusudi, rekodi inafunguka kwenye king'amuzi hicho tu, na pengine hadi kifurushi kiwe hai. Sitakuelekeza kulivunja. Na hata zile za bure, rekodi ni ya kuangalia wewe na watu wako nyumbani, isipelekwe kibanda umiza kutozwa watu kiingilio. Waliotengeneza kipindi nao wanakula kwa kazi hiyo.

*Mwalimu, Kongwa: Shikamoo. Tunatumia sola, king'amuzi kinaweza kukaa kwenye betri moja kwa moja?*

Marahaba mwalimu. Soma maandishi kwenye adapta. Ikiwa imeandikwa 12V, king'amuzi chako kinaweza kutumia betri ya 12V bila inveta, na hilo linaokoa umeme mwingi. Ila betri inapochajiwa inapanda kufikia 14V na zaidi, kwa hiyo weka kidhibiti kidogo cha kushusha na kushikilia 12V katikati. Hakikisha pia chanya na hasi, ukigeuza unakiunguza.

*Mkazi wa Chang'ombe: Filamu ni saa 6 na nusu usiku wa kuamkia Jumamosi. Nimeseti Ijumaa 00:30, nimekuta kitu kingine kabisa.*

Kwa king'amuzi, 00:30 ya Ijumaa ilishapita usiku wa kuamkia Ijumaa. Ikishafika saa 6 usiku tarehe imebadilika, kwa hiyo weka Jumamosi 00:30. Sisi tukisema usiku wa kuamkia Jumamosi tayari tumeshaitaja siku yenyewe, ifuate hiyo hiyo.

*Mwanafunzi wa UDOM: Kwa nini usitumie Raspberry Pi badala ya laptopu?*

Hiyo ni kompyuta ndogo ya bodi moja. Inafaa kabisa, na inakula umeme kidogo sana. Ukiwa na Raspberry Pi 4, kile kibao chake cha TV HAT kinachopokea DVB-T2, na mfumo wa LibreELEC wenye Kodi (programu ya kuchezea video) na Tvheadend (programu ya kupokea na kurekodi TV), unarekodi na kuhifadhi mahali pamoja. Mimi nimebaki na laptopu kwa sababu ikiharibika hapa mjini fundi wake simkosi. Nawe ukihitimu ukahama, nani wa nyumbani ataitengeneza? Kama yupo, endelea.

*Mzee wa Makole: Nina mkanda wa VHS wa harusi yetu ya 1994. Unaweza kuingia humo?*

Unaingia, mzee wangu. Unahitaji deki inayofanya kazi na kifaa kidogo cha USB chenye matundu ya njano, nyekundu na nyeupe, kinachochomekwa kwenye kompyuta. Mkanda wa saa tatu utachukua saa tatu, hakuna njia ya mkato. Kabla ya kuuweka, inua kile kifuniko cha mbele uangalie utepe. Ukiona utando mweupe kama unga, hiyo ni ukungu, usiucheze kabisa, utachafua vichwa vya deki na utepe unaweza kukatika. Mpe fundi aufungue ausafishe kwanza. Ukiwa safi, anza na mkanda mwingine usio na thamani kujaribu deki, ndipo uweke wa harusi. Ukikwama niandikie, deki ninayo na Makole si mbali.