Kifundo cha mguu kikiteguka
Mara nyingi mguu hupinduka kwa ndani, na kano za upande wa nje ndizo huchanika. Kwanza ondoa shaka ya kuvunjika: bonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa uliotokeza kwenye kifundo, sentimita 6 zake za chini, upande wa nje na wa ndani. Mfupa ukiuma hapo, au ukishindwa kutembea hatua 4, nenda ukapigwe eksirei.

Kama sivyo, funga bendeji ya kuvutika kuanzia karibu na vidole kwenda juu, inua mguu. Usichuliwe siku za mwanzo, hata mchuaji awe hodari vipi, uvimbe utazidi. Maumivu yakipungua anza kukanyaga. Baadaye simama kwa mguu huo mmoja sekunde 30, karibu na ukuta, kila siku. Wengi huiruka hatua hii, kisha kifundo huteguka tena.