Video yako imevuma ghafla? Anza na hiyo simu

Hii naandika kwa ajili ya yule ambae jana alikua mtu wa kawaida tu, leo kaamka anakuta video yake iko kila kona mpaka shangazi yake wa Muheza kaiweka stetasi. Siwaandikii mastaa wakubwa, wale wana mameneja na mawakili. Nakuandikia we ambae meneja wako ni dada ako na ofisi yako ni simu yenye kioo kilichopasuka. Najua nachoongea mana yametukuta nyumbani.

Mdogo wangu anauza supu ya pweza hapa Tanga, Ngamiani. Siku moja kajifunga khanga kichwani akawachamba wateja wa mkopo, kwa mipasho kabisa ile ya kwetu, rafiki yake akarekodi akarusha TikTok. Usiku ule tulicheka sana. Siku ya tatu watu wanakuja pale mezani simu zimenyanyuliwa, wanamrekodi anavyokata pweza, wanaondoka hawajanunua hata kikombe kimoja. Simu yake ikawa inatetemeka juu ya ile meza mpaka ikaangukia kwenye ndoo ya kuoshea vikombe, na mi kwakweli nikasema alhamdulillah.

Sasa elewa kwanza kilichobadilika. Tanga hii imetoa mastaa toka zamani, Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, Black Star na Lucky Star kwenye taarab, Bi Shakila kaimba hapahapa. Enzi hizo redio ikipiga nyimbo yako nchi nzima inakujua, ila ukitoka ukumbini ukafunga mlango umefunga, wanaokusema wanakusema barazani na we hupo. Hata magazeti ya udaku yalipokuja yalikua na siku zake, likishatoka unapata siku kadhaa za kupumua kabla ya toleo lingine. Saivi anaekusema anakutagi. Alafu sisi watu wa pwani tunajua kusutwa, mtu akisutwa kuna utaratibu, kuna mwenye jambo lake, kuna ngoma, sura zote unazijua na jioni watu wanarudi makwao kupika. Mtandaoni unasutwa na watu elfu humjui hata mmoja, hamna wa kusema jamani basi imetosha, na mwezi ujao mtu anaifufua skrinshoti mnaanza upya.

Kwaiyo ule mlango inabidi uujenge mwenyewe.

Anza na namba. Kama namba uliyoiweka kwenye profaili ndo hiyohiyo yenye hela zako na ndo anayokupigia mama, umejimaliza. Nunua laini ya pili ya mambo ya umaarufu, iweke kwenye kisimu kidogo. Badilisha paswedi, washa ule ulinzi wa hatua mbili, na ile namba ya kuthibitisha ikija kwenye meseji usimpe mtu hata akijiita nani, watakuja wa "mimi natoka TikTok nataka nikupe tiki ya bluu". Piga *106# uangalie laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zipeleke 15040. Wiki ya pili tu akaunti feki zenye sura ya mdogo wangu zilishafika nne, moja inaomba watu nauli ya kwenda Dar kurekodi! Usigombane nazo, ziripoti humohumo ndani ya programu, alafu kwenye akaunti yako halisi weka posti moja: akaunti yangu ni hii tu, siombi hela. Basi.

Komenti ndo penyewe. Usizisome mwenyewe, mpe mtu unaemuamini akuchambulie. Selena Gomez, yule mwimbaji wa Marekani, mwaka 2016 ndo alikua anaongoza kwa wafuasi Instagram dunia nzima, na bado aliifuta ile programu kwenye simu yake, paswedi akamwachia msaidizi wake. Sasa we na mimi ni nani? Alafu Instagram na TikTok zote zina sehemu ya kuchuja maneno, unaandika yale usiyotaka kuyaona na komenti yenye neno hilo inafichwa. Ile ya Instagram walianza kuijaribu kwa mwimbaji mwenzie Taylor Swift mwaka huohuo 2016 baada ya watu kumjazia vikatuni vya nyoka ukurasa mzima. Kwetu nyoka sio shida sana, kwetu andika matusi yote ya Kiswahili unayoyajua, jina la mama ako, jina la mtaa, na uyaandike na kwa zile herufi za kijanja mana mashine haijui Kiswahili cha Makorora. Siku tunayafanya haya mi ndo nilikua naandika kwenye daftari, mdogo wangu ananisomea, mama akapita akauliza mnasomea mtihani gani.

Ila hayo tuliyafanya tumeshachelewa. Usiku mmoja kulikua na komenti kama elfu mbili za sifa na moja ya hovyo, mtu kaandika supu yenyewe inanuka, mama ako hakukufunza. Mdogo wangu akaziruka zote elfu mbili akaijibu ile moja, saa nane usiku, na jibu lilikua tusi la mama. Asubuhi video hamna anaeikumbuka, inayozunguka ni skrinshoti. Mama kaambiwa na jirani wakiwa kwenye foleni ya maji. Siku ile supu haikuuzwa, na sio kwamba wateja walisusa, mama ndo aligoma kuipika. Toka hapo saa nne usiku simu inakabidhiwa, inachajiwa chumbani kwa mama, anarudishiwa baada ya swala ya alfajiri. Nakushauri na we utafute mama wa kuishika.

Na usidhani uwe umekosea sana ndo utukanwe. Fainali ya Euro Julai 2021, Bukayo Saka wa timu ya England ana miaka 19 kakosa penati moja, yeye na wenzie Rashford na Sancho waliokosa pia wakajaziwa matusi ya kibaguzi kwenye kurasa zao. Saka mwenyewe alisema alijua palepale chuki itakayomfata. Kwaiyo na we ukihisi jambo linaenda kuchafuka, funga komenti kabla hujalala, utazifungua likipoa.

Matusi yakigeuka vitisho usifute kitu. Piga skrinshoti ionyeshe jina la akaunti na tarehe, nenda polisi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 23 inakataza kumnyanyasa mtu mtandaoni. Ila ujue sheria hazimwangalii anaekutukana peke yake, mwaka 2018 Diamond Platnumz na ukubwa wake wote aliitwa polisi kwa video alizoweka Instagram.

Kabla ya kurekodi geuka nyuma uangalie. Kwenye video yetu ya pili kulikua na sketi ya shule ya mwanae imeanikwa kwenye kamba, nembo inasomeka vizuri kabisa. Tuliiona kwa sababu mtu kaitaja kwenye komenti. Tukaifuta, ila ishadaunilodiwa.

Watazamaji wakianza kupungua, na watapungua, watakuja machawa kukwambia utafute kiki, jifanye umeachwa, lia laivu useme unaumwa. Mi hapo sina mjadala, kataa. Leo umedanganya unaumwa wakakuchangia, siku ukilazwa kweli hospitali ya Bombo utamwambia nani?

Mdogo wangu video za siku hizi zinapata watu mia nne, mia tano, na hao wengi ni wa hapahapa mtaani. Yuko palepale Ngamiani kila jioni. Ukimwona nunua supu kwanza, picha utampiga ukiwa unakunywa.