Kihispania cha mlimani: anzia kwenye Kiswahili chako

Masika yakiingia, mwezi wa nne na wa tano, Mlima Kilimanjaro unapungukiwa na wageni. Hapo ndipo wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, wanaotaka kupanda cheo wawe waongoza watalii wanapopita kwangu Majengo, hapa Moshi, daftari mkononi: "Dada, nifundishe Kihispania." Wengi wana Kiingereza cha kutosha, na hicho ndicho kinachowachelewesha. Kila sentensi wanaipitisha kwanza kwenye Kiingereza, kama mtu wa Himo anayekwenda Marangu kwa kupitia Arusha.

Kwa hiyo daftari langu lina safu mbili tu, Kiswahili na Kihispania. Cha tatu hakina nafasi.

Matamshi hayatatuchelewesha. Irabu ni zetu zilezile tano. Ñ ni "ny" ya nyama, H ikiwa peke yake, si kwenye CH, haisomwi kabisa, J inakwaruza kooni kama "kh". Endelea.

Kitenzi chetu kinambeba mtenda: ninasema, unasema, tunasema. Kihispania nacho kinambeba, ila mwishoni: hablo, hablas, hablamos. Ndiyo maana huhitaji kutaja "yo" kila mara, kama usivyosema "mimi" kila mara. Swali nalo ni sauti tu: Unataka chai? ¿Quieres té? Kiingereza ndicho kinachodai "do" mbele na "you" nyuma yake. Wanafunzi wangu wa Kiingereza huandika "my brother he wants" kwa sababu wanaitafutia nafasi ile "a-" ya "anataka". Huko iache: my brother wants, basi.

Sasa maumivu, maana mlimani ndiyo mazungumzo ya kila jioni. Mwingereza ana kichwa kinachouma, anakimiliki: I have a headache. Sisi kichwa kinatuuma. Mhispania vilevile: me duele la cabeza. Miguu ikiwa miwili, kitenzi kinafuata miguu: me duelen los pies. Ukishaielewa hiyo, "me gusta" haikusumbui, maana nayo ni "inanipendeza": me gusta el café, kahawa inanipendeza, me gustan los leones, simba wananipendeza. Kwa mgeni mzee tumia heshima, ¿le duele la cabeza?, kitenzi kikae kama unamzungumzia mtu wa tatu. Hata mhudumu wa hotelini hukuuliza, "Mama atakunywa nini?"

Tuje kwenye swali ninaloulizwa kuliko yote: ser au estar, maana vyote viwili ni "kuwa"? Vitabu vingi vinasema moja ni la kudumu na lingine la kupita. Siipendi kanuni hiyo. Aliyekufa harudi, na bado Mhispania anasema está muerto. Mimi nafundisha hivi. Ukisema "ni" kueleza kitu ni nini, au kikoje kwa asili yake, tumia ser: Kilimanjaro ni volkano, es un volcán. Ukisema yuko, kiko, iko, tumia estar: kilele kiko kwenye mita 5,895, la cumbre está a 5895 metros. Halafu sikiliza "-me-". Mgeni amechoka, está cansado. Ameketi, está sentado. Amelala, está dormido. Njia imefungwa, el camino está cerrado. Maji yameganda, el agua está congelada. Hali iliyobaki baada ya jambo kutokea sisi tunaipa "-me-", wao wanaipa estar. Vitenzi vya mwendo havimo humo: amefika ni ha llegado.

Kuna mahali kanuni yangu inavuja. Tunasema mgeni ni mgonjwa, chai ni ya moto. Wao husema está enfermo, está caliente. Hizo zikariri. Na "kuna" ni hay, haibadiliki kwa umoja wala wingi.

Kinachowatisha watu zaidi ni subjuntivo, umbo la kitenzi la kutaka na kukataza, na mimi sioni kwa nini. Wewe unayo tangu utotoni. Pumzika: descansa. Nataka upumzike: quiero que descanses. Usipumzike: no descanses. Umeona "a" ikigeuka "e" pande zote mbili? Kwa vitenzi vinavyoishia na -er na -ir inageuka kinyume: kunywa ni bebe, usinywe ni no bebas. Kwa mgeni wa heshima ondoa "s" ya mwisho: no beba. Anayetoka kwenye Kiingereza, I want you to rest, haoni mlango wa kuingilia hapo.

Jinsia ndiyo kazi ya kweli. Upatanisho tunaujua, mti mrefu, miti mirefu, kwa hiyo árbol alto, árboles altos hakumshangazi mtu wa ngeli. Lakini yupi wa kike na yupi wa kiume hatuna pa kupata, maana "yeye" wetu ni mmoja. Usiandike nomino peke yake. Iandike na "el" au "la" yake: la mochila (begi la mgongoni), la nieve (theluji), el bastón (fimbo), la mano (mkono), el mapa (ramani), el problema (tatizo). "El agua" huvaa "el" ila ni ya kike, ndiyo maana pale juu niliandika congelada. Na wewe mwenyewe una jinsia: mimi husema estoy cansada, kaka zangu estoy cansado. Kazi yetu wote ni soy guía, bila "el", "la", "un" wala "una" mbele ya kazi, kama "mimi ni mwalimu".

Jaribu hii bila simu, mwongozaji awe mwanamke na mgeni awe wa rika lako: "Mwongozaji amechoka, lakini kilele kiko karibu. Usipumzike hapa, kuna upepo."

Jibu: La guía está cansada, pero la cumbre está cerca. No descanses aquí, hay viento.