Shamba liko Mufindi, wewe uko ughaibuni

Wengi wetu wa Mbeya, Iringa na Njombe tulioko nje serikali ya nyumbani Tanzania tunaijua kwa kuilalamikia tu. Fedha tunamtumia mjomba, mjomba anazunguka maofisini, karatasi zinatoka na jina la mjomba. Siku ukizuka ugomvi tunashangaa kwamba halmashauri haitutambui. Itakutambuaje?

Anza na ardhi. Tuseme umepata eka za kupanda misonobari kijijini Mufindi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kiongozi akikwambia "tumalizane mimi na wewe", usitume hata senti. Omba nakala ya muhtasari wa mkutano huo: tarehe, ajenda, majina ya waliohudhuria, sahihi ya mwenyekiti na ya mtendaji, mhuri. Jina linaloandikwa humo liwe lako. Muhtasari usio na mahudhurio mimi siuhesabu kabisa. Ukishaupata, ndipo ufuatilie hati ya hakimiliki ya kimila, yaani hati ya kumiliki ardhi ya kijiji.

Mjini mambo ni mengine. Kiwanja cha Uyole, jijini Mbeya, chenye hati kina pango la ardhi la kila mwaka. Omba namba ya malipo yenye jina lako, lipa mwenyewe, tunza stakabadhi. Deni huzaa adhabu, na kutolipa ni sababu mojawapo ya hati kufutwa. Kodi ya majengo, tangu 2021, inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Maana yake mpangaji wako wa Mwanjelwa kila anaponunua umeme huenda anakulipia kodi yako. Mpunguzie kwenye pango la nyumba. Wenye nyumba wengi hapo hujifanya hawajui.

Sasa na wewe dai. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila miezi mitatu, na wanakijiji wana haki ya kusomewa mapato na matumizi. Ulichangia mabati ya darasa? Mtume mdogo wako ahudhurie, asimame aulize: fedha ziliingia akaunti gani, zilinunua mabati mangapi, stakabadhi iko wapi? Wazee wanaweza kununa kidogo. Waache wanune, hukwenda kuomba hisani.

Kura ni habari fupi: hupigi ukiwa nje. Lazima uwe umejiandikisha, na siku hiyo uwe nchini.

Uraia ndio wa kuangalia sana. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa watu wazima. Ukichukua wa nchi nyingine kwa hiari, wa Tanzania unaupoteza. Na kwa Sheria ya Ardhi, asiye raia hamiliki ardhi kama raia anavyomiliki. Kama una shamba au kiwanja, muone wakili wa ardhi kabla ya siku ya kiapo, karatasi zako zote zikiwa mkononi.